Kabila Moja au Mawili

Port Vila, 3 Machi 1994

Mjomba Masoe,

Shikamoo. Mimi na mwanangu Leimara hatujambo, ila mwenzangu ameng'oka jino la mbele na sasa anajiona mtu mzima, anataka apewe kisu amenye magimbi mwenyewe. Mwambie Mama jino tumelitupa juu ya paa kama alivyoagiza.

Leo nina kazi yako. Unajua ofisi yetu inaandika kamusi elezo ya visiwa vyote, kitabu kinene ambacho mtoto wa shule atakifungua na kujikuta humo. Tulianza na herufi A mwaka juzi, na hatimaye tumefika E. Bi Harwood, mkubwa wetu, akanipa Efiro niiandike mimi. Nilifurahi hadi nikanunua keki, na unajua mimi na pesa.

Furaha imekwama kwenye kichwa cha habari. Kanuni ya ofisi ni hii: kisiwa chenye kabila moja kinapewa kichwa cha umoja na ukurasa mmoja. Chenye makabila mawili au zaidi kinapewa kichwa cha wingi, kisha kila kabila linapata ukurasa wake, na machifu wake, na ramani ya ardhi yake. Tumegombania kanuni hiyo wiki nzima, chai ikapoa, na Bi Harwood akasema kitabu kinachochanganya umoja na wingi ni soga za sokoni tu. Mimi kwa Efiro niliandika "Kabila la Waefiro" bila hata kufikiri. Akanitolea karatasi ya mzungu mmoja aliyepita kwetu zamani, kabla ya vita vya Wajapani. Imeandikwa humo kwamba sisi ni makabila mawili, Wanakoro wa mlimani na Wasarua wa pwani, na kwamba tulikuwa tukiuana.

Mjomba, maneno hayo sijawahi kuyasikia. Niliondoka huko mdogo, lakini masikio nilikuwa nayo. Ni kweli? Tuko kabila moja au mawili? Na kama ni mawili, sisi ni wa upande gani, na nani mwingine yuko upande upi? Waulize wazee, unijibu kwa meli hiyohiyo ya mbata. Kitabu cha kwanza, A hadi E, kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa Juni.

Mpwa wako mwenye haraka,
Leisavi


Efiro, 26 Machi 1994

Leisavi,

Barua yako imefika kwangu, na imefika kwa watu wote.

Umesahau kwamba huku barua ya Vila husomwa kanisani baada ya ibada, iwe imeandikiwa nani? Zako zote zimesomwa hivyo, na watu walizipenda, kwa kuwa zilikuwa salamu na vituko vya Leimara. Msomaji ni mimi. Jumapili ile miwani yangu ilikuwa imekaliwa na mke wangu, ambaye si mwepesi, kwa hiyo nikampa kijana Kalmet asome. Kalmet ana sauti kubwa na akili ndogo. Ningekuwa na macho yangu ningeruka mistari. Yeye alisoma kama anasoma Zaburi, akafika "upande gani", akafika "upande upi", akamalizia na jina lako.

Kwenye jino la Leimara watu walicheka. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Bibi Leimas alijifunika mkeka kichwani, akakaa hivyo. Watu walitoka bila kupeana mikono.

Usiulize tena. Andika kabila moja, kichwa cha umoja, ukurasa mmoja, ufunge kitabu. Sababu usinidai, mimi ni mjomba wako. Na yale majina mawili uliyoyaandika, usiyaandike tena hata kwenye barua yangu.

Ukiwa na neno, mpe Boe mpishi wa meli mkononi. Nitamsubiri ufukweni.

Mama yako mzima.

Masoe


Port Vila, 10 Aprili 1994

Mjomba,

Nimempa Boe mkononi kama ulivyotaka, akaniangalia kama mtu anayepewa bangi.

Pole kwa aibu ya kanisani. Kweli nilisahau. Hapa barua ina gundi na ina mwenyewe, nimezoea hivyo. Lakini nawe, Mjomba, umenijibu kama afisa wa forodha. Nilikwenda kwa Bi Harwood nikamwambia ni kabila moja.

"Nani amesema?"

"Mjomba wangu."

"Kwa sababu gani?"

"Amesema nisimuulize sababu."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao ili nisilie. Nimefanya kazi humu miaka sita, na siku ya kuandika kwetu nimeonekana sijui kwetu.

Juzi ikaingia barua ya binamu yako Kalorib. Alisikia swali langu kanisani, akaamua kulijibu mwenyewe. Amesema makabila ni mawili, na kwamba ardhi ya mlimani ni ya waliozaliwa na watu wa mlimani, na walioletwa ni wageni. Ameandika kwa mwandiko mzuri na ramani amechora. Bi Harwood alifurahi kumpata mtu anayejibu alichoulizwa. Jibu la ofisi nimeliandika mimi, kwa taipureta, kwenye karatasi yenye nembo, nikasaini na muhuri ukapigwa: kichwa kitakuwa cha wingi, kurasa mbili, na ardhi ya mlimani itakuwa kwenye ukurasa wa watu wa mlimani.

Sioni unaogopa nini. Sisi si wa mlimani? Shamba la Mama liko mlimani, nyumba yake iko mlimani, na kaburi la Babu pia. Ukurasa huo ni wetu. Au kuna mtu wa pwani amekuahidi kitu? Nauliza kwa heshima, lakini nauliza.

Leisavi


Efiro, 2 Mei 1994

Leisavi mwanangu,

Huu ni mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa darasa la akina mama amenifundisha. Usicheke herufi.

Mvua ni nyingi. Nguruwe mweusi amezaa. Jumamosi nilifukia laplap ya magimbi kwenye mawe ya moto, haikuiva vizuri kwa sababu mawe ya Masoe bado siyajui, yanapoa haraka. Nalala kwa Masoe siku hizi. Mke wake amenipa blanketi zuri. Shamba nimelipumzisha. Kuna jani la namele limechomekwa pale, basi acha lipumzike.

Barua yako yenye muhuri Kalorib aliileta kanisani ikasomwa. Umeandika vizuri, maneno yote yalisikika. Mwanzoni nilijivuna.

Usije sasa. Leimara usimlete. Bahari ni mbaya.

Mama yako,
Leitare


Port Vila, 15 Mei 1994

Mjomba,

Bahari si mbaya. Nimemuuliza nahodha mwenyewe, amesema imelala kama maji ya beseni. Mama hajawahi kunidanganya, na ameanza na bahari.

Namele haichomekwi kupumzisha shamba. Hata mimi wa mjini najua hilo. Namele inachomekwa pale mtu anapoambiwa asikanyage. Nani amethubutu kumwekea mama yangu namele kwenye shamba alilolilima tangu kabla sijazaliwa? Kwa nini analala kwako na nyumba yake iko hatua chache? Na wewe, mwenye nyumba, ulikuwa wapi?

Nimeisoma tena barua ya Kalorib. "Walioletwa ni wageni." Nilidhani anasema watu wengine, sijui nani, watu wa pwani wanaokuja kuoa. Nani aliletwa?

Sasa nadai sababu. Nidai nawe heshima yako baadaye, nitailipa.

Leisavi


Efiro, 28 Mei 1994

Mpwa wangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Mambo haya husemwa mara moja tu, pale mzee anapoona anakufa. Mimi sifi, lakini umenifikisha pale.

Zamani za utoto wangu watu walikuwa wanauana, mlima na pwani. Baba yangu alikuwa na kovu hapa shavuni ambalo wewe ulilichezea na kuambiwa ni la jogoo. Halikuwa la jogoo. Walipochoka kuzika, wazee walikutana kwenye mwamba ulio katikati ya njia, na kila nyumba ya huku ikatoa mtoto mmoja mdogo, na kila nyumba ya kule ikatoa mmoja. Wakasema, kuanzia leo ukirusha jiwe utampiga mwanao. Majina ya pande zote mbili wakayazika palepale. Aliyetolewa harudi, na nyumba iliyomtoa haimwiti tena mtoto wala ndugu, mpaka kufa. Wakakubaliana pia kwamba neno lolote kutoka nje lisomwe mbele ya wote, asipatikane wa kupanga mambo gizani. Ndiyo asili ya barua kanisani. Mimi nilipokutuma umpe Boe mkononi nilivunja hilo, na Boe ana mdomo. Watu wanajua.

Mama yako alipanda huku mabegani mwa baba yangu. Alilia njia nzima hadi akapoteza sauti. Alikuwa bado hajui kutamka jina lake vizuri. Kutoka kwetu aliteremka mdogo wangu Taripoa. Huyo mzee Taripoa wa pwani, unayemjua kwa kutengeneza mitumbwi, tumbo lililomzaa ndilo lililonizaa. Tangu siku ile nimemwita Bwana Taripoa. Alipofiwa na mkewe nilimpa mkono kama watu wengine, nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Kwa hiyo uliuliza mama yako ni wa upande gani mbele ya watu waliokula kiapo wasimuulize. Na ulipoandika kwa muhuri kwamba ni makabila mawili, Kalorib alipata alichokuwa anakitafuta. Shamba la mama yako linapakana na lake, ndilo lenye maji. Akasema serikali imethibitisha yeye ni mgeni, akachomeka namele. Kesho yake watu wa pwani nao wakamchomekea Taripoa kwenye banda lake la mitumbwi, kwamba naye ni mgeni wa kwao. Bibi Leimas, ambaye naye alitolewa, hajatoka ndani. Kanisani sasa wanakaa mafungu mawili na katikati pamebaki wazi. Wiki jana kijana wa pwani amevunjwa mkono uwanjani, na haikuwa kwa bahati mbaya.

Wanaume wa huku na wa kule walikaa pamoja kwenye nyumba yao ya baraza, nakamal, siku mbili. Wameamua amani ifungwe upya kama ilivyofungwa. Nyumba iliyofungua kaburi la majina itoe mtoto. Upande wa pili utatoa wa kwao. Nyumba iliyofungua ni yetu, na mkono uliofungua ni wako.

Wanamtaka Leimara.

Nilibisha. Kalorib akaniuliza, "Kwani mtoto hana nyumba? Baba yake si alirudi kwao kisiwani Tanna, hajulikani aliko? Ni wa kwetu huyo." Na ndivyo sisi wenyewe tulivyosema siku zote. Mtoto asipotolewa, hawatangoja mwezi mwingine. Nimewaona vijana wanavyonoa visu vya mbata wakati hakuna mbata.

Niambie nifanye nini. Mimi ni mzee na sijui.

Masoe


Port Vila, 8 Juni 1994

Mjomba,

Hapana.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaenda kumtoa Leimara shuleni kabla ya saa. Mwalimu akauliza kama kuna msiba. Nikasema bado.

Mwanangu hatolewi. Waambie hivyo nakamal, usipunguze neno. Ana miaka sita, anaogopa kaa na anaogopa giza, na hamjui mtu yeyote wa pwani hata kwa picha. Kama Mama alilia hadi sauti ikaisha, nani alifaidi kilio hicho? Mlipata amani, ndiyo. Mimi nimekula amani hiyo tangu nizaliwe bila kujua bei yake, na sasa najua, na bado nasema hapana. Nitukane ukitaka.

Nilikwenda kwa Bi Harwood kumwomba abadilishe kichwa. Nikasema nilikosea, ni kabila moja. Yeye si mtu mbaya, anapenda tu kitabu chake kisimame wima. Akanionyesha nakala.

"Saini hii ya nani?"

"Yangu."

"Na aliyeleta habari ni Kalorib, mtu wa kisiwani. Wewe uko hapa. Alete Kalorib maandishi kwamba alikosea, nitabadilisha hata mchapaji akiwa amewasha mashine. Bila hayo, siwezi kufuta kabila la watu kwa sababu mfanyakazi wangu amelia mezani."

Na kweli nilikuwa nalia.

Nakuja mwenyewe na meli ya tarehe ishirini na tano. Peke yangu. Mkono uliofungua ni wangu, basi wauchukue huo, wanipeleke pwani nipare samaki maisha yangu yote. Leimara nitamwacha kwa jirani. Usimwambie Mama kwamba walimtaka mtoto. Nakuomba hilo tu.

Leisavi


Efiro, 21 Juni 1994

Leisavi mwanangu,

Meli hiyo usipande. Mambo yameisha.

Masoe hakuniambia. Alikuwa anasoma barua yako peke yake nyuma ya jiko, na Masoe hawezi kusoma kimya, ni mazoea ya kanisani. Nilikuwa nakuna nazi. Nilisikia yote, na yaliyotangulia nikamlazimisha anieleze.

Nilikaa siku moja. Kesho yake nikaenda nakamal. Mwanamke haingii, najua, nikasimama mlangoni wakati wanakamua mizizi ya kava wanywe. Nikawaambia, nyumba yetu itatoa mtoto, mtoto ni mimi. Walicheka. Kalorib alicheka zaidi, akasema, "Mama, wewe una meno manne." Nikamwambia wazee walisema mtoto wa nyumba, hawakusema ana meno mangapi. Mzee wa pwani akasema, kweli, hawakusema.

Kalorib akaacha kucheka. Akasema mimi siwezi kutolewa, mimi ni mgeni, nikiteremka nitakuwa nimerudi kwetu tu. Nilijua atasema hivyo. Nimeishi jirani yake miaka yote hii, namjua kama ninavyojua nguruwe wangu. Masoe naye alikuwa anamngoja palepale. Akasema, "Sawa, dada huyu si wetu, na mjukuu wake naye si wetu. Basi nyumba hii haijatoa mtu, na mtoto mwingine mdogo kwenye nyumba hii ni wa kwako, Kalorib." Yule mwanawe mdogo anayetambaa, unakumbuka Masoe alikuandikia alipozaliwa.

Kifuu cha kava kilikuwa mkononi mwa Kalorib tayari, na neno linalosemwa kifuu kikiwa mkononi halirudi. Wote walimngoja. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni, nilisikia anavyohema. Kalorib akaangalia chini, akasema, "Leitare ni mtoto wa nyumba hii. Ni dada yetu." Akanywa. Wa pwani wakasema wamesikia.

Basi akishasema mimi ni wa nyumba, namele ya nini? Aliing'oa mwenyewe asubuhi. Shamba nimemwachia mke wa Kalorib, kwa masharti kwamba maji yapite kwa wote. Kisha wakamkalisha kanisani akaandika barua ya pili kwa ofisi yako, kabila moja, ikasomwa, ikasainiwa na mzee mmoja wa huku na mmoja wa kule. Nahodha anayo. Mpe mkubwa wako.

Wa pwani walipaswa kutoa mtu. Taripoa alisema, kama Leitare anateremka, mimi napanda. Hakumngoja mtu amtume.

Niliteremka Jumatatu ya wiki jana. Masoe alitaka kunibebea mkeka, nikamkataza. Kwenye mwamba tukakutana na Taripoa anapanda, kashika shoka lake la mitumbwi. Mara ya kwanza tulipishana hapo tukiwa mabegani mwa watu. Aliniangalia, akasema, "Leo hulii?" Nikamwambia, "Nimelia ya kutosha siku ile." Alicheka, akapita. Nilipofika chini nikalia, lakini yeye hakuona.

Masoe anamwita ndugu sasa. Wamekaa barazani wawili, wanaangaliana tu. Nafurahi kwa ajili yake. Mimi hataniita tena dada.

Nimepewa nyumba ndogo. Sijui kuvua, sijui hata kufungua kamba ya mtumbwi. Watoto wa hapa wananicheka, wananifundisha. Kanisani watu wamechanganyika tena, nimepata nafasi nyuma kabisa, karibu na mlango. Upepo unaingia pale na sisikii vizuri.

Sasa nisikilize. Wewe ni mtoto wa nyumba ya mlimani. Mimi si wa nyumba hiyo tena. Ukija, utanisalimia Leitare, kama unavyomsalimia mwingine, na hutalala kwangu. Si kwa mwezi mmoja. Nilijua hivyo kabla sijasimama pale mlangoni, kwa hiyo usijilaumu mpaka ukaugua. Nilichagua.

Barua ya kuficha isiletwe tena. Hii ndiyo ya mwisho. Andika kabila moja, wala usiandike kwa nini.

Kwa mara ya mwisho,
Mama yako


Port Vila, 14 Julai 1994

Kwa watu wote wa Efiro. Isomwe kanisani baada ya ibada.

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine wote, salamu.

Mimi Leisavi, wa nyumba ya mzee Masoe, niliuliza swali ambalo halikuwa langu kuuliza, na nikatia saini jambo nisilolijua. Naomba radhi kwenu wote kwa pamoja. Nimeleta na meli hii nguruwe mmoja na mikeka kumi. Nguruwe achinjwe pale kwenye mwamba, na mikeka wapewe waliofungiwa mashamba na mabanda yao, na kijana aliyevunjwa mkono.

Kitabu kimechapwa. Barua ya pili ya mzee Kalorib iliwahi, na mkubwa wetu alitimiza ahadi, mashine ilikuwa kweli imewashwa. Nimeambiwa niwasomee tulichoandika, maana ni chenu:

"Kabila la Waefiro. Ni watu wa kisiwa cha Efiro. Wanalima magimbi mlimani na wanavua pwani. Barua wanazopata kutoka nje husomwa hadharani, na watoto wao hulelewa na nyumba zote."

Ni hayo tu. Ukurasa wetu ndio mfupi kuliko kurasa zote za herufi E. Bi Harwood aliniuliza kama sina la kuongeza, nikamwambia ninalo, ila halichapwi.

Tutakuja Desemba, mimi na Leimara. Tutalala kwa mzee Masoe, na tutamsalimia kila mtu inavyotupasa, mlimani na pwani, kila mtu kwa jina lake. Nimejizoeza. Najua nitaweza, kwa kuwa nimeona wengine wameweza kwa miaka mingi kuliko yangu.

Leimara hajambo. Jino la pili limeng'oka wiki hii. Alitaka kulitia kwenye bahasha alitume Efiro, nikamwambia meno hayatumwi. Tumelitupa juu ya paa, kama alivyotufundisha aliyetufundisha, na alipolitupa alitaja jina la mtu, akauliza kama paa lake nalo linaonekana kutoka hapa. Nikamwambia linaonekana.

Mzee Masoe, hapo kwenye jino usiharakishe. Lisome mara ya pili, kwa sauti, wa karibu na mlango wasikie.

Leisavi